Mstari wa Nne

Dama Kalama kazi yake aliijua, wala hakuona haya kusema hivyo. Kama unabisha, waulize watu wa Bongwe. Binti wa wafugaji wa Samburu ya Kwale, aliyeanza Diani akiwa mlinzi wa lango la hoteli, leo ana ofisi juu ya duka la mbao, anawafundisha watu kumtumia msaidizi wa akili mnemba, yule anayeandika programu za kompyuta ukimwelekeza. Msaidizi huyo ni hodari, lakini ni msahaulifu ajabu: ukimfungua leo, la jana halijui. Dama alikuwa amemtungia utaratibu wa kazi, na hoteli ileile aliyowahi kuilinda ilitaka kumpa mkataba wa miaka miwili, awafundishe vijana wake wa kompyuta wanaounda programu ya kuuza vyumba. Jumanne asubuhi ndiyo iliyokuwa siku ya kukata shauri.

"Ule ukurasa wa shukrani uutoe," mwenzake Lewis akamwambia ndani ya tuktuk. "Umewataja watu watatu wenye programu huria. Mteja akiona, si atasema tumeokota vya bure?"

"Tumeokota, na wenyewe wameruhusu, mradi tuwataje. Kupanga kabla ya kuandika nimejifunza kwa mmoja. Kujaribu kabla ya kujisifu, kwa wa pili. Kumweka msaidizi mwingine amkague wa kwanza, kwa wa tatu. Mnyonge mnyongeni, Lewis, haki yake mpeni."

"Na daftari je?"

"Daftari ni langu," Dama akasema, kifua mbele. Na daftari ndilo lililokuwa moyo wa utaratibu wote. Liko ndani ya kompyuta; msaidizi hulisoma kabla hajagusa kitu, na akimaliza kazi huandika mistari mitatu: nimekuta nini, nimefanya nini, nimeacha nini. Chini yake Dama alikuwa ameandika: limebuniwa na Dama Kalama.

Haya, wakafika langoni. Msimamizi wa walinzi alikuwa Mwelu Nzau, yuleyule wa zamani, kofia imenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Ala, si huyu ni Dama wangu? Andika jina hapo kwa kitabu cha wageni, nimalizane na huyu." Akamgeukia mlinzi mgeni aliyekuwa akipokea zamu. "Kabla hujagusa lango, soma OB. Usiniulize mimi. Umekuta nini, umefanya nini, umeacha nini. Basi."

Kalamu ikamganda Dama mkononi. OB, kitabu cha matukio! Miaka mitatu aliandika maneno hayo kwenye meza hiyohiyo, kila zamu, hata yakamwingia akayaona yake. Alikuwa amewatafuta wa kuwashukuru hadi ng'ambo za mbali, na lango hili akaliruka. Aliona haya, haya ya kweli.

Lewis alikuwa amesikia pia. "Nyamaza tu," akamnong'oneza. "Nani atajua?"

Ofisini, meneja, Bwana Abdulaziz, hakuwa mtu wa porojo. "Chumba kimoja kikiuzwa kwa wageni wawili," akauliza, "nitajuaje aliyekosea ni mashine au ni mtu?"

"Daftari litasema," Dama akajibu, akalifungua. Halikusema. Yeye, Lewis na msaidizi walikuwa wameandika humo mchanganyiko, na haikujulikana lipi la nani. "Hilo nitalitafutia dawa," akasema, na Abdulaziz hakupendezwa.

"Hayo mengine vijana wangu wameshayaona mtandaoni. Ninachokitaka mimi ni hilo daftari. Ni lako peke yako? Maana nataka kitu ambacho hoteli nyingine hazina."

Lewis akamkanyaga mguu chini ya meza. Neno moja tu, ndiyo, na mkataba ungekuwa wao.

"Si langu," Dama akasema. "Ni la hapahapa, liko langoni kwako. Alinifundisha Mama Mwelu. Nilipaswa kuandika jina lake, nikaandika langu. Nimekosa."

Lewis akafumba macho. Abdulaziz akainua simu ya mezani. "Mwambieni Mwelu apande."

Mwelu akaja, OB kwapani. Dama akamwonyesha kompyuta na kumweleza. Mama akasoma polepole, kidole kwenye kioo, akaguna.

"Mh. Na mstari wa nne?"

"Upi, mama?"

"Jina! Nani ameandika." Akaifungua OB, na kila zamu ilikuwa na jina chini yake. "Bila jina, jambo likiharibika kila mtu anasema si mimi. Wewe si nilikurudisha kutoka stendi ya tuktuk, umeenda bila kuandika jina? Umesahau!"

Abdulaziz alicheka mpaka akavua miwani. "Miaka yote hii napita hapo langoni na kitabu hicho sijakifungua! Dama, mtaanza Jumatatu. Na huyu mama awakague."

Dama akaongeza mstari wa nne palepale. Kisha akafungua ukurasa wa shukrani, na juu ya wale watatu wa ng'ambo akaandika: Mwelu Nzau, lango kuu, Diani.

"Ngoja," Mwelu akasema. "Juu yangu weka Kaingu. Yeye ndiye alinifundisha, kabla hajastaafu akarudi kwao. Mimi nisivikwe kilemba cha mwenzangu."

Dama akamweka Kaingu juu. Akashuka mpaka chini kabisa, penye maneno "limebuniwa na Dama Kalama," akafuta "limebuniwa na," akaandika "ameandika" mahali pake. Mama Mwelu akasoma, akaridhika, akamgeukia Lewis.

"Na wewe," akasema, "jina lako liko wapi?"