Pampu Moja, Trekta Mbili

Watu wa Ruiri watakuambia kwamba mimi, Mwongera, ni mkali, na hawajakosea. Mtu akiazima spana yangu akanirudishia ikiwa na matope, nitamsema hapo hapo mbele ya mke wake. Lakini Ndwiga wa Gachoka sikuwahi kumpandishia sauti hata siku moja, na tumejuana tangu tukiwa na meno yote kinywani.

Tulikutana Timau, mzungu mmoja alipokuwa akiuza vyombo vya shamba lake ili arudi kwao. Mimi Mmeru wa Buuri, yeye Mmbeere kutoka huko chini kwenye joto, na kila mmoja wetu alikuwa ameuza ng'ombe mpaka boma likabaki na samadi tu. Tukaondoka na trekta mbili nyekundu za aina moja. Kabla hatujafika mbali, yake ikazima barabarani. Nikasimama, nikashuka, nikamsaidia kutoa hewa kwenye paipu za dizeli. Sikumjua kwa jina, lakini utampitaje mtu mwenye trekta kama yako? Aliponiuliza mimi ni nani nikamwambia Mmeru, naye akasema basi yeye ni Mmbeere, na tukaitana hivyo maisha yetu yote.

Wenye trekta wa siku hizo tulikuwa na desturi yetu. Jeki ilikuwa ya mmoja, plau ya mwingine, na mwenye gia nzuri alijua si yake peke yake. Kifaa cha mwenzako hakikurudi peke yake. Ulikipangusa kwa dizeli mpaka king'ae, ukakifunga kwenye gunia, na juu yake ukaweka kitu kutoka shambani mwako. Hukuambiwa asante, na wewe hukusema. Tena hukungoja kuombwa. Ukimaliza kulima, unakifungua kifaa siku hiyo hiyo na kumpelekea anayefuata. Aliyengoja kukumbushwa, tulimhesabu kama mtu wa nje.

Ile pampu ya dizeli ndiyo iliyotufunga mimi na Ndwiga. Pampu zetu zote mbili zilichoka karibu wakati mmoja, na bila pampu ya kusukuma dizeli kwenye injini, trekta ni kitanda cha kuku. Spea zilikuwa zimeadimika kabisa. Tukapata moja nzuri kwa fundi mmoja Meru mjini, tukaichukua pamoja. Nikachora alama ya patasi kwenye injini yangu, yeye akachora kwenye yake, ili pampu ikae sawa bila kubahatisha. Gachoka wanalima mapema, udongo ukiwa bado mkavu, maana mvua yao ni fupi na haina huruma. Sisi huku juu tunaweza kungoja kidogo. Kwa hiyo pampu ilianza kwake, kisha ikapanda kwangu na lori la Kithinji, yule dereva wetu wa kubeba viazi. Ilikuja na kunde au ndengu juu yake. Ilirudi na viazi.

Tulizeeka hivyo. Wengine walinunua trekta mpya zenye viti vya kubembea, wakatucheka. Mke wangu Kaari pia alinicheka. Alisema pampu ile inatembea kuliko yeye, na ni kweli, sikuwahi kumpeleka Gachoka.

Halafu msimu mmoja pampu ikaja na kunde zake kama kawaida, na baada ya siku chache Kithinji akaniletea gunia lingine. Nilipolifungua nikakuta kunde, na chini yake jembe kuukuu lisilo na mpini, limepanguswa vizuri kwa dizeli. Nikacheka mpaka Kaari akatoka jikoni. Nilidhani Mmbeere ananitania. Msimu uliofuata wakaniambia nisiteremshe pampu, hawatalima. Na uliofuata pia. Wawira, mke wake, akaniambia kwa simu kwamba mzee anasahau, anaweza kutoka chooni asijue nyumba ni ipi. Nikamwambia ni uzee tu, utapita. Uongo mtupu, lakini ungesema nini?

Siku moja karibu na mvua Wawira alinipigia tena. Mwana wao Njue, anayefanya kazi Embu mjini, alikuwa ameita lori la wanunuzi wa vyuma chakavu lije Jumamosi kuchukua trekta. Nilipandwa na hasira nikamtaka Njue mwenyewe kwenye simu. Kijana hakunijibu vibaya. Alisema baba yake anaipanda ile trekta kila asubuhi, anakaa hapo juani mpaka jioni akivuta gia za kitu kisichowaka, na tayari ameanguka mara moja akavunjika mkono. Alisema kama ingekuwa trekta inayolima, angetafuta dereva, mzee akae kivulini aiangalie ikifanya kazi. Lakini kwa chuma kilichokufa hawezi kumpoteza baba yake.

Nikamwambia, "Nikija nikaiwasha, na ikalima, utaliambia lori lisije?"

Akasema ikilima hata mistari mitatu, itabaki.

Basi nikaifungua pampu kwenye trekta yangu. Shamba langu lilikuwa bado halijaguswa, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Nyambene. Kaari alisimama hapo akiniangalia. Nikamwambia ukweli, kwamba nikishaifunga kule Gachoka sitairudisha, ibaki na Mmbeere. Akaenda kuchagua viazi vya kuweka juu, akachagua vile vikubwa. Hapo ndipo nilipojua amekubali.

Niliteremka na Kithinji. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba Ndwiga atanijua. Wengine atawasahau, hata mtoto wake anaweza kumsahau, lakini mimi? Nilikuwa nimeandaa hata tusi la utani la kumpokea nalo.

Nilimkuta amekaa juu ya trekta, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono kwenye usukani. Amekonda. Nikamwita, "Mmbeere, shuka chini, kazi imeisha." Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kuuliza njia. Akaniamkia vizuri na kumwambia Wawira kuna mgeni, apewe chai. Tusi nililoandaa nikaliacha. Nilijifanya nakagua gurudumu.

Nikafanya kazi nikiwa na uchungu, na uchungu ukanisaidia. Nikaifunga pampu kwenye alama yake ya patasi, nikakaza paipu, nikatoa hewa, Njue akaleta betri ya gari lake. Ndwiga alisimama kando akiangalia. Jaribio la kwanza lilikohoa tu. La pili likakohoa zaidi na kutoa moshi mweupe. La tatu injini ikashika.

Ningependa ungekuwepo. Yule mzee alivua kofia. Machozi yalimtoka, na alikuwa akicheka, akamshika Wawira mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo Mmbeere huyo hakulifanya hata siku ya harusi yake. Tukafunga plau, nikaingia shamba la kando ya barabara. Nililima mistari mitatu, nikaongeza, nikaongeza tena, nikalimaliza shamba lote. Ndwiga alikuja nyuma yangu mguu peku kwenye mtaro, akiinama kuchukua udongo na kuuvunja kwa vidole. Kila nilipogeuza kichwa nilimwona. Kusema kweli, siku hiyo nilikuwa na furaha kuliko nilivyostahili.

Njue alitoa simu mbele yangu, akawaambia watu wa vyuma wasije. Akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Wawira akatuita tukale muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na tulipokaa nikamwambia Njue jinsi ya kuitunza pampu, maana sasa ilikuwa yao. Alikuwa akinisikiliza vizuri. Ndipo tukasikia chuma kikigonga chuma nje, na tukaona kiti cha mzee ni kitupu.

Tulimkuta amepiga magoti kando ya injini, spana mkononi. Paipu mbili za dizeli zilikuwa zimeshafunguliwa. Njue akaruka kumzuia, nikamshika bega. Sijui kwa nini nilimshika. Labda ni kwa sababu ya ile mikono. Mtu ambaye hakujua mlango wa nyumba yake alikuwa akifungua nati moja baada ya nyingine bila kuangalia, na kila aliyoitoa aliiweka mfukoni mwa shati isipotee, kama alivyofanya siku zote. Hakuna mahali aliposita.

Alipoitoa pampu aliipangusa kwa kitambaa chenye dizeli, kila pembe, mpaka ikang'aa. Akalichukua lile lile gunia langu, akaitia ndani. Kisha akaingia ghalani akatoka na kunde alizozitwaa kwenye mbegu za Wawira za kupanda, akazimwaga juu, akafunga kamba. Akasimama, akanitazama, na akanikabidhi mimi lile gunia.

"Mgeni, nimesikia lori lako linapanda Meru," alisema. "Mpelekee huyu Mmeru wa Ruiri. Mwambie mimi nimemaliza kulima, afanye haraka, mvua yake iko karibu."

Nilijaribu. Niliweka gunia chini nikamshika mikono yote miwili. "Mmbeere, ni mimi. Mimi ndiye Mwongera."

Alinikagua kutoka kichwani mpaka viatuni, akacheka kwa upole ili asiniaibishe.

"Mwongera ni kijana," akasema. "Na leo hawezi kuja huku. Ana shamba la kulima, na anangoja pampu."

Niliketi kwenye gurudumu la trekta yake nikalia kama mtoto, mimi Mwongera mkali, na yeye akanishika bega akiniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema pole sana, na akanikumbusha nisichelewe na gunia.

Njue alitaka tuirudishe pampu mzee akilala. Wawira ndiye aliyekataa. Alisema tukiifunga ataifungua tena, na kila siku ataifungua, maana shamba limelimwa na mwenzake anangoja. Ataumia zaidi akizuiwa. "Ipeleke alipokutuma," akaniambia. Ndwiga alikuwa amesimama langoni akiangalia kama gunia limepanda lori. Nilipanda nalo. Alinipungia mkono mpaka kona.

Nililima shamba langu kwa pampu ile, na mvua ikanikuta nimemaliza. Kufikia hapo Njue alikuwa ameliita tena lori la vyuma, maana bila pampu trekta ilikuwa imekufa upya, na lilikuwa limeshafika Gachoka. Njue mwenyewe aliniambia kwamba alikuwa amejiandaa kumshika baba yake kwa nguvu, na haikuhitajika. Mzee aliwaonyesha wapakiaji mahali pa kushika. Aliwaambia wakimaliza kulima wairudishe, na wasisahau kuipangusa.

Ningeweza kukaa na pampu yangu, sivyo? Trekta ya pili haikuwepo tena. Lakini Wawira aliniambia mzee anakwenda langoni kila siku kuuliza kama yule Mmeru bado hajamaliza, na kwamba si kawaida yake kuchelewa. Iliniuma kuitwa mchelewaji. Nikaifungua pampu, nikaipangusa, Kaari akachagua viazi, Kithinji akaiteremsha. Baada ya siku chache ikarudi, ikiwa imefungwa upya, imeng'aa, na kunde juu yake. Nikaituma tena. Haikuwa na kazi kule, ila kwamba yule mzee alikuwa na kitu cha kunipa. Kithinji hakutaka nauli ya gunia hilo.

Ilitembea hivyo msimu baada ya msimu. Mwaka huu niliituma viazi vilipokuwa bado na vumbi jekundu la shambani. Ilikawia kurudi kuliko kawaida. Kithinji alipoileta aliliweka gunia penye ukuta akaangalia upande mwingine. Nikafungua kamba. Kunde zilikuwepo, nyingi, safi, zimepepetwa na mwanamke. Nikaingiza mkono chini yake nikaitoa pampu, na ilikuwa bado na vumbi la viazi vyangu.

Nikaipangusa mimi mwenyewe. Kisha nikaingia ndani nikamwambia Kaari atafute koti langu la mazishi, na lake pia, maana safari hii tungeenda Gachoka pamoja.