Koleo la Masjala

Karani wa masjala alikuwa na alama ya kudumu kwenye nyonga ya kulia, jeraha la rangi ya zambarau upana wa kifuniko cha chupa, na hakupigwa na mtu. Lilimpiga koleo. Koleo lenyewe lilikuwa la kukunja, zito, chuma kitupu, na ukilifungua ulikuta tumboni mwake visu viwili, msumeno, bisibisi tatu, tupa, mkasi, msharasi wa kutobolea ngozi na kifungulio cha kopo. Mumewe, dereva wa lori, alimnunulia siku alipoanza masomo ya jioni ya ufundi wa majengo. Akamkabidhi huku akijigamba: "Haya, sasa hutanisumbua tena." Mwongo wa kupindukia. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akiliazima kila Jumapili kukatia kucha za miguu, na sanduku lake zima la vifaa limelala chini ya kiti cha lori.

Mama mkwe alilishonea mfuko wa turubai wa kuning'iniza kwenye mkanda. Sketi zote ikabidi zitiwe vishikizo vya mkanda, na bado zilikuwa zikishuka upande mmoja, hata wasiomjua karani walidhani anachechemea.

"Mwanangu, kwa nini usiliache nyumbani hilo dude?" mama mkwe alimwuliza asubuhi moja. "Litakuvunja kiuno."

"Nitaliacha, mama."

"Liache. Ila kabla hujaliacha, nifungulie hiki kikopo."

Ndivyo yalivyokuwa maisha yake. Kila aliyelilalamikia koleo alikuwa na kikopo chake mkononi.

Kazini ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe. Ofisi ile ilikuwa ya vibali vya ujenzi. Huwezi kujenga hata banda la kuku bila muhuri wake, na wakaguzi wake walikuwa wakizunguka mji mzima wakiwafokea watu kwa nyufa na ngazi zisizo na vishikio. Jengo lao wenyewe, ghorofa tatu, lilikuwa limesimama kwa rehema za Mungu na waya. Dirisha la mapokezi lilifungwa kwa waya. Mlango wa choo cha ghorofa ya pili ulikuwa na komeo la msumari uliopindwa. Kiti cha bosi kilikuwa kimekazwa skrubu mara nyingi kiasi kwamba tundu zake zilijazwa njiti za kiberiti. Kazi zote hizo zilikuwa za karani, hakuna hata moja aliyolipwa wala kutumwa rasmi.

Utaratibu ulikuwepo, na karani aliujua kuliko yeyote. Kikiharibika kitu, unajaza fomu ya maombi ya matengenezo, nakala tatu. Mkuu wa kitengo anatia saini. Fomu inashuka masjala, inagongwa muhuri, nakala moja inaingia kwenye faili la matengenezo, na nyingine inapelekwa ofisi kuu ili watume fundi. Fundi anakuja baada ya miezi minne, anatazama, anatikisa kichwa, anaondoka kuleta kifaa. Sasa nani angengoja hayo yote na Dada Koleo yupo pale chini?

"Dada Koleo, kitasa!"

"Dada Koleo, kiti cha bosi kinalia tena!"

"Dada Koleo, njoo na mdude wako, mashine ya fotokopi imemeza karatasi."

Tafadhali hawakuijua. Alipanda ngazi akinung'unika, akashuka akinung'unika, na barua zake zikamsubiri mezani zimelundikana. Lakini alipanda. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake, na alilijua fika: akiona skrubu imelegea, mkono unamwasha. Angeweza kuapa asubuhi kwamba leo hagusi kitu, na ikifika saa nne utamkuta amepiga magoti chini ya meza ya mtu.

Mwaka ule likabandikwa tangazo. Ofisi ilikuwa inafikiria kuajiri fundi wake yenyewe, wa kukaa humo humo jengoni. Karani alilisoma mara tatu akiwa amesimama, kisha akaenda kuketi. Cheti alikuwa nacho. Miaka mitatu alikuwa akitoka kazini anakwenda darasani na vijana wa umri wa wanawe, anarudi nyumbani miguu imevimba, na alifaulu, mtihani wa bawaba na vitasa alikuwa wa kwanza. Aliitaka nafasi ile mpaka akaanza kujaribu saini mpya kwenye karatasi chakavu, jina lake na chini yake neno Fundi. Akaomba. Akaambiwa uongozi utakaa Alhamisi saa nne, na kwanza uamue kama nafasi yenyewe inahitajika.

Alhamisi saa mbili na nusu simu ya ndani ikalia. Ilikuwa sauti ya afisa utumishi. "Tuletee faili la matengenezo. Tunataka kuona jengo lina mahitaji kiasi gani."

Karani akanyoosha mkono rafuni akalichomoa faili. Lilikuwa jepesi. Ndani mlikuwa na fomu mbili tu. Moja ya pampu ya maji iliyoungua, nyingine ya mabati yaliyoezuliwa na upepo, mambo ambayo koleo lisingeyaweza. Fomu mbili kwa miaka sita. Kila kitasa, kila bawaba, kila kiti alichokikaza kilikuwa kimepita mikononi mwake bila kupita kwenye karatasi, na karatasi hizo mtunzaji wake alikuwa yeye mwenyewe.

Mfagizi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipiga deki mlangoni, akaona uso wake.

"Kuna nini, mwenzangu? Umefiwa?"

Akamweleza. Mfagizi akaegemeza mpini ukutani, akafunga mlango.

"Sasa unalia nini? Fomu si hizo? Muhuri si huo? Jaza. Tia tarehe za nyuma. Vitasa vimekufa humu mpaka basi, hutakuwa umedanganya kitu."

Karani akajaza. Komeo la choo, ghorofa ya pili, miaka mitatu iliyopita. Akachukua muhuri wa tarehe, lakini gurudumu la mwaka lilikuwa limekwama, halirudi nyuma. Akafungua koleo, akatoa msharasi, akalichokoa mpaka likageuka. Akautazama muhuri. Miaka sita alikuwa hajawahi kugonga tarehe ya uongo, na watu walikuwa wamewahi kumbembeleza kwa maneno matamu. Na mahali pa saini ya mkuu wa kitengo je, angeghushi pia?

"Hapana," alisema, akaichana fomu vipande vinne. Hakujisikia mwema hata kidogo. Alijisikia mjinga.

Saa nne akapeleka faili. Chumba cha kikao kilikuwa na bosi, afisa utumishi na wakuu wa vitengo watatu. Bosi akafunua jalada, akafunika, akafunua tena kana kwamba zingeongezeka.

"Mbili," alisema.

"Jengo imara hili," akasema afisa utumishi. "Tuseme ukweli, fundi wa kukaa hapa kutwa atakuwa anafanya nini?"

Karani hakuwa na ruhusa ya kusema, lakini alisema. Akalichomoa koleo mfukoni, akaliweka mezani, na lilivyo zito likagonga mpaka vikombe vikatikisika.

"Samahani, bosi. Hicho kiti ulichokalia nimekikaza mara kumi na moja. Wewe, mzee wangu hapo pembeni, kabati lako la faili lina bawaba ya mlango wa kabati la jikoni kwangu, nilileta mwenyewe. Dirisha la mapokezi ni waya wangu. Fomu hazimo kwa sababu nilikuwa natengeneza kabla hamjaandika. Jengo hili haliko imara. Mimi ndiye ninayelishikilia."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Walicheka kama watu waliosikia habari njema.

"Kwa hiyo kazi inafanyika," bosi alisema.

"Inafanyika, lakini..."

"Tena inafanyika vizuri, mimi kiti changu sina malalamiko nacho. Sasa tukiajiri fundi, si tutakuwa tunalipia kitu tulichonacho?" Akawageukia wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa. "Tunakushukuru sana, dada yetu. Endelea na moyo huo huo."

Afisa utumishi akaandika mstari mmoja. Nafasi ikawa imekwisha, hata chai haijapoa. Karani akachukua koleo lake na faili lake, na alipofika mlangoni bosi akamwita.

"Samahani, kabla hujatoka. Hilo dirisha nyuma yangu linagongagonga, linatusumbua."

Na alilitengeneza! Hapo ndipo angetaka ardhi ipasuke immeze. Mkono ulikwishafika kwenye dirisha kabla kichwa hakijajua, bisibisi ikazunguka mara nne, dirisha likanyamaza, nao wakaendelea na ajenda. Akashuka ngazi akijitukana kwa kila daraja.

Jioni ile mezani alisimulia yote, akasukuma sahani. Mumewe akasema watajuta, hawajui walichopoteza. Karani akamkatiza kwamba hawajapoteza chochote, ndiyo maana yeye ana hasira. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Wewe ndiye uliyewadekeza, mwanangu. Na sisi humu ndani tumo, usidhani sijioni. Umetuzoesha wote vibaya."

Kikopo kilichokuwa karibu yake, mama mkwe alikifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, kwa tabu, na hakuomba msaada.

Ijumaa karani alikwenda kazini na koleo lake kiunoni kama siku zote. Lakini juu ya kaunta ya masjala alikuwa amepanga bunda la fomu na kalamu iliyofungwa uzi.

"Dada Koleo, kitasa!"

"Fomu hiyo hapo. Nakala tatu."

"Acha utani bwana."

"Saini ya mkuu wako usisahau."

Mpaka saa sita zilikuwa zimejazwa fomu tisa, na maneno yaliyomwagwa pale kaunta yangejaza nyingine tisa. Kumbe ana roho mbaya. Kumbe alikuwa anafanya ili apewe cheo. Wengine walisusa wakaondoka na vitasa vyao mkononi. Kila fomu aliitoboa kwa kitoboleo cha karatasi, akaiingiza failini, na kila alipofanya hivyo kidole kilimwenda chenyewe kwenye mfuko wa turubai. Akakirudisha.

Saa tisa na nusu akashuka bosi mwenyewe, koti begani, jasho usoni.

"Dada Koleo, fanya haraka. Ufunguo umenikatikia kwenye droo, na funguo za gari zimo humo humo. Saa kumi nina kikao mjini."

Dakika mbili, karani aliwaza. Msharasi, halafu ncha ya koleo, unavuta taratibu. Aliiona kazi nzima mbele ya macho yake. Akasukuma fomu.

Bosi akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Unakataa kazi?"

"Sikatai, bosi. Mimi ni karani wa masjala. Fomu zinaletwa kwangu, nami nazipokea."

Akavuta kalamu kwa nguvu mpaka uzi ukakaza. Akajaza tarehe, chumba, aina ya hitilafu. Akatia saini mahali pa mkuu. Akafika mstari wa mwisho, unaosema jina la fundi na cheo chake, kalamu ikasimama hewani.

"Hapa naandika nini?"

"Kilichopo, bosi."

Bosi akatazama mfuko wa turubai kiunoni mwake, akatazama saa, akatazama mlango, kana kwamba jibu lingeingia kutoka nje. Karani alijikuta anaomba moyoni, aibu hakuona. Andika tu. Neno moja, nitapanda ngazi mbio.

Bosi akaandika: Hakuna.

Karani akaisoma. Akagonga muhuri, tarehe ya leo. Akaitoboa, akaiingiza failini juu ya zile tisa.

"Imepokelewa, bosi. Fundi akipatikana nitakuja kukuita."

Bosi akapanda juu. Muda si muda ukasikika mshindo, halafu mwingine, wa kitu kama kisigino cha kiatu kinachopiga mbao, na jengo zima likasikiliza. Alikuwa anaipiga droo upande usio sahihi, mbali na kitasa. Mkono wa karani ulianza kumwasha, ukazidi, ukawa hauvumiliki. Akaukalia.