Mwendo wa Uchumba

Mtaani walimwita Saa, maana hatua zake zilikwenda sawasawa, ta, ta, ta, na mkewe alizitambua tangu kona ya mbali akabandika chai. Kiharusi kilipompiga, mguu wa kushoto ukawa wa kuburutwa. Ta, shraa. Ta, shraa. Miaka ikapita hivyo, mpaka mkewe naye akalazwa, figo zimegoma, macho hayaoni tena.

Binti yao alikuwa fundi wa chumba cha mazoezi katika hospitali hiyohiyo. Aliwapandisha wagonjwa kwenye mashine ya mikanda miwili, mmoja ukienda mbio na mwingine ukijivuta, ili ubongo ulazimike kujifunza kutembea upya. Kisogoni aliwafunga sponji za maji ya chumvi zilizopitisha umeme mdogo, eti ubongo ushike somo haraka. Ulikuwa utafiti. Wengine walipewa umeme wa kweli, wengine wa geresha: ngozi inawasha kidogo, kisha unazimwa kimyakimya. Baba yake aliangukia geresha. Binti alijua, na hakuruhusiwa kusema.

"Leo umeme umenikolea!" mzee alisema kila akishuka, mguu ukiburuta vilevile. "Mwambie mama yako ajiandae. Namwendea na mwendo wa uchumba."

"Baba, hii mashine si hirizi."

"Hirizi nilishavaa, ikaniachia upele. Wewe washa."

Siku daktari wa wodi alipomnong'oneza kwamba mama hatamaliza wiki, binti akawasha umeme wa kweli. Mzee alitembea hadi shati likamganda mgongoni. Aliposhuka, mguu uliinuka. Hali ile haidumu, binti alilijua hilo, akamshika mkono wakaharakisha wodini.

Ta, ta, ta.

Mama akageuza uso. "Nani huyo?"

Mzee akafungua kinywa, kikatoka kilio.

"Ni baba, mama."

"Usinifanye mtoto. Baba yako anaburuta mguu. Mtoe huyu mtu, uniitie mume wangu."

Mzee akatoka akifuta macho kwa kiganja. Kwenye korido mguu ukaanza kumsaliti. Ta, shraa.

"Huyo ndiye!" mama akainua kichwa. "Mbona anaondoka?"

Binti alimkimbilia. Waliporudi, mzee akautia mkono wake katika mkono wa mkewe. Vidole havikumjibu.

Baada ya maziko kaka mkubwa alimkalisha dada yake sebuleni, mbele ya baba.

"Umeharibu utafiti wa watu. Umemfukuzia mama mumewe akiwa anakata roho. Mwombe baba radhi."

Mzee alitazama sakafu, mguu kaunyoosha kama mzigo wa mtu mwingine.

"Daktari wa utafiti nimemweleza mwenyewe, na kazi nimeachishwa," binti alisema. "Lakini baba alitaka kumwendea mkewe kwa miguu yake, akamwendea. Nililia nikimpeleka, nikalia nikimrudisha, na bado ningewasha. Radhi siombi, kaka. Kwake siombi, kwako ndiyo kabisa."