Salamu Ndani ya Mashua

Mbinga nzima hakuna mwanamke anayejua mashua kama mimi. Ya kwanza niliiona Jumanne. Haya yalitokea Alhamisi.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia kwetu Mpepai na fedha mkononi. Nilipata kuliko nilivyozoea, na shemeji yangu Vitalis akanishauri tununue mashua ya tanga kuukuu kule Mbamba Bay. Mahindi yetu yaende vijiji vya ufukweni, usipa, wale dagaa wa ziwani, wapande huku mlimani. Lakini fedha ilikuwa ya mara moja tu. Nikinunua mbovu, kahawa yangu yote imekwenda kukaa mchangani.

Muuzaji alikuwa Kilian, rika la mwanangu wa tatu. Vitalis alikwisha kuanza kujiita nahodha kabla hatujaambiwa bei.

Mimi matengenezo niliyahesabu kwa magunia ya kahawa, ndiyo hesabu ninayoiweza. Tanga lina viraka: nusu gunia. Mlingoti umepinda: gunia zima.

"Haujapinda, mama," Kilian alisema. "Unainamia wateja kwa heshima."

Kisha nikafanya tunavyofanya kwenye gunia la kahawa. Watu huweka nzuri juu, kwa hiyo mkono sharti uzame mpaka chini. Nikaupenyeza chini ya mbao za kukanyagia. Ukarudi unateleza na kunukia siku ya kufua. Sabuni ya mche, imeshindiliwa kwenye nyufa. Nikajifuta kwenye kitenge, nikaendelea na hesabu. Kubadilisha mbao tatu na kuziba upya: magunia sita. Fundi naye atakula.

"Inaingiza maji?" nikauliza.

"Hata kijiko, mama! Tangu iundwe."

"Basi tuisukume majini, bei tuizungumzie humo humo."

Akasita, lakini Vitalis alishapanda.

Tulipoelea tu, Kilian akataja bei, mbiombio. Nikamwambia, mwanangu, mbona hatujasalimiana vizuri? Na mkubwa akisalimia hakatizwi. Nikamuulizia mkewe Gertruda, watoto mmoja mmoja, wakwe wa juu na wa chini, padre wao, goti la padre. "Hawajambo, mama. Halijambo, mama." Kila jibu lilitoka kwa haraka kuliko lililotangulia. Nikahamia kwenye mihogo, halafu mbuzi.

"Shemeji," Vitalis akasema taratibu, "ndala zangu zinaelea."

"Ni wimbi hilo limeruka," Kilian akasema. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. "Mashua hii haijui maji, mama, nakuapia."

"Nimekuamini, mwanangu. Ila nieleze jambo moja. Mbona tangu tulipokuwa kwa wakwe miguu yako umeipandisha juu ya benchi?"

Kilian akaitazama miguu yake, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeiweka pale.