Sahani Isiyo na Zinki

Violeth alidondosha rangi kwenye sahani ya tatu, akasubiri, kisha akaisogeza chini ya hadubini. Hii hakuitia zinki. Seli zake zilitakiwa kubaki nyeusi. Ziliwaka kijani, sawa na zile alizozitia.

Madirisha yalizibwa kwa kitambaa cheusi, feni ilizimwa isitikise meza, na mlango ulifungwa kwa ndani, maana mwanga ukiingia rangi hufifia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Rangi hiyo aliitengeneza mwenyewe: inaingia hata ndani ya seli hai, na popote ikikutana na zinki, inang'aa; isipokutana nayo, inabaki giza. Jumatatu angeitetea mbele ya watahini. Kama inawaka ovyo, hana cha kutetea.

Huenda haiwaki ovyo, aliwaza. Alidondosha dawa inayonyakua zinki. Kijani kikafifia, kikazimika.

Basi zinki ilikuwemo. Alipima kimoja kimoja vitu vilivyogusa seli: kioo kitupu, chakula cha seli, rangi kabla ya kutiwa maji. Giza. Mwishoni akapima tone la maji aliyochanganyia rangi na dawa zote. Likawaka.

Mashine ya kusafishia maji ya maabara ilikuwa imeharibika tangu mwaka jana, na maji ya bomba yana chumvi inayoacha gamba jeupe kwenye birika. Kwa hiyo alileta maji ya mvua kutoka tangi la kwao Msalato, maji laini, yale wanayowekewa wageni. Aliyachemsha, akayachuja. Hakufikiria kwamba kabla ya kufika tangini yalipita juu ya bati, na bati hupakwa zinki lisishike kutu.

Mlango uligongwa.

"Violeth, bado unaatamia tu humo?" Alikuwa msimamizi wake, Daktari Optatus.

"Shikamoo, Daktari. Siwezi kufungua, sahani ziko wazi."

"Marahaba. Basi nipe habari njema hapo hapo kwenye tundu la ufunguo."

"Sahani isiyo na zinki inawaka. Ni maji ya mvua. Zinki ya bati."

"Bati la nani?"

"La kwetu."

"Mngeezeka kwa nyasi tungekuwa tumeshamaliza." Alicheka peke yake, akaacha. "Ipunguze mwanga picha yake kwenye kompyuta."

"Nikiipunguza hii, na yenye zinki lazima niipunguze vilevile. Zitafanana."

"Na picha za mwezi wa tatu? Zile nimeshazituma kwenye jarida."

"Maji ni hayo hayo, Daktari."

Violeth alimsikia akiuegemea mlango.

"Kwa hiyo na mimi umenifungia humo," alisema.

"Ndiyo, Daktari. Samahani."

"Maji ya kuchanganyia dawa za sindano, yale ya duka la dawa, yatafaa?"

"Nitayapima kwanza."

Daktari aliyaleta mwenyewe. Violeth alifunika sahani, akafungua mlango kidogo, akayapokea bila kumtazama usoni. Alipima tone: giza. Akachanganya upya, akamwaga seli mpya kwenye sahani tatu na kuziweka kwenye kabati la joto. Zilihitaji kulala humo mpaka zishike kioo. Kabla ya hapo hazitiwi rangi.

Alipotoka, Daktari Optatus alikuwa kwenye benchi la korido, simu mkononi.

"Umewaambia wa jarida?" Violeth aliuliza.

"Bado. Kesho asubuhi utazitia rangi saa ngapi?"

"Saa moja."

"Na zikiwaka tena?"

"Sijui, Daktari," alisema Violeth, akarudi kuangalia kama kabati limefungwa vizuri.