Ombati wa Kuazima

Mama akiogopa sana, akili yake huwa kama kuku aliyeona mwewe: inakimbia kweli, lakini haiangalii inakokimbilia. Nyamoita wa Manga alikuwa na akili ya namna hiyo, na juu ya hayo alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, kwa hiyo alikuwa mjinga mwenye hoja. Huyo ndiye mbaya zaidi. Mjinga wa kawaida unaweza kumwambia kitu.

Mwaka wa sabini na tano watu wa utafiti walifika kwenye vilima vyetu. Walitaka kujua watoto wadogo wa huku wanakua namna gani, wapi wanakonda na kwa sababu gani, ili Nairobi ijue maziwa ya unga yapelekwe wapi na kliniki ijengwe wapi. Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba alipewa Nehemiah, kijana wa Ogembo, shati jeupe, viatu vimejaa matope, mzani wa kutundika begani. Kila mwezi aliutundika kwenye boriti ya jikoni, mtoto akavuliwa nguo zote, akatiwa ndani ya kaptula ya turubai, akaning'inia pale akipiga mateke. Halafu Nehemiah akausoma uzito kwa sauti, akauandika mahali pawili: kwenye kadi ya mama, na kwenye karatasi ya kwenda Nairobi.

Kwa sauti! Majirani wamesimama, kuku wamesimama, mtoto uchi, na kijana anatangaza uzito wake kama mtu anayeuza ng'ombe. Huku kwetu mtu hata watoto wake hawahesabu mbele za wageni. Ukiulizwa unao wangapi, unajibu, "Wapo wapo tu."

Sasa Nyangau, mtoto wa Nyamoita, alikuwa amezaliwa mweupe kama ndizi iliyomenywa, na kila mama wa Manga anajua mtoto mweupe ndiye anayepatwa na jicho, lile tunaloliita ebibiriria. Mtu mwenye jicho akimtazama tu, vitu vidogo vidogo humganda mtoto mwilini, akaanza kudhoofika. Nyamoita alikuwa amemzika mtoto mmoja kabla ya huyu. Hakutaka kujaribu tena. Nyangau alikaa ndani, amefunikwa, na mgeni akipiga hodi, mtoto alisukumwa nyuma ya kihenge cha wimbi.

"Lakini mwenye mzani atasema nini?" aliuliza Drusilla, jirani yake wa ng'ambo ya kijito. Drusilla alikuwa na mtoto wa rika lile lile, Ombati, mweusi, mnene, shingo imepotea, mtoto ambaye jicho likimtazama linachoka lenyewe.

Nyamoita akamtazama Ombati. Akamtazama tena. Hapo ndipo darasa la sita lilipoanza kufanya kazi.

"Mama Ombati," alisema, "huyu wako hupimwa siku gani?"

"Ng'ambo yetu ni Alhamisi."

"Sisi huku ni Jumatatu."

Kisha Drusilla akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe Nyamoita! Unataka kuniazima mtoto kama kinu?"

"Kinu hakirudi kikiwa kimeshiba. Wako nitamrudisha ameshiba."

Na kweli alimshibisha. Ili Ombati asilie kwenye mzani akamshtua Nehemiah, kila Jumatatu ya kupimwa alipewa yai la kuchemsha na kikombe cha maziwa. Yai lilikuwa moja, maziwa yalikuwa machache. Nyangau alibaki nyuma ya kihenge na uji mwepesi, kwa sababu mgeni ndiye wa kuheshimiwa, na mwenye nyumba atakula kesho. Nyamoita alipima mambo hayo kichwani akaona yako sawa. Mungu atusamehe sisi akina mama tunaopima kichwani.

Mlango wa jikoni siku hizo ulifungwa majirani wasione, na Nehemiah hakugundua. Alikuwa kijana asiye na mke, na kwa kijana asiye na mke watoto wote ni kilo tu. "Mama Nyangau, huyu ni ndume!" alisema, akiandika. "Nyumba zote za huku zingekuwa hivi, mimi ningekosa kazi."

"Ni Mungu tu," akajibu Nyamoita, macho chini, kama mtu mnyenyekevu.

Ndani, mama mkwe wake Bathsheba alikohoa. Mama huyu alijua kila kitu, na alikuwa amemwonya mara moja. Mkazamwana aliposhikilia lake, mama mkwe aliamua kulipiza kwa kukohoa.

Miezi ikaenda. Karatasi zikafika Nairobi, wakubwa wakazisoma, wakaona kwamba pale Manga, katikati ya watoto waliosimama bila kukua, kuna nyumba chache ambamo mtoto anapanda kama mgomba kwenye samadi, ya Nyamoita ikiwa mbele. Wakataka kujua siri. Nehemiah akaja mbio.

"Mama Nyangau, wamesema uwafundishe wenzako. Sabato alasiri, baada ya ibada. Waeleze tu unamlisha nini."

Mwenye akili angekataa. Mwenye aibu angeugua ghafla. Nyamoita akauliza, "Nivae kitambaa kipi?"

Alisimama mbele ya akina mama wa kanisa, akasafisha koo kama mwalimu. Na ajabu ni kwamba hakusema uongo hata neno moja. "Mpe yai," alisema. "Usimpe baba, mpe mtoto. Mpe maziwa, na uji uwe mzito, kijiko kikisimama kisianguke. Mboga za chinsaga ziponde vizuri." Yote alikuwa akiyafanya. Alikuwa akimfanyia Ombati. Akina mama walitikisa vichwa kukubali. Nehemiah aliandika, na yeye Nyamoita akajisikia mrefu kuliko paa la kanisa.

Aliporudi, Bathsheba alikuwa amekaa mlangoni na Nyangau mapajani.

"Mwalimu wa lishe amefika," alisema. "Mwanafunzi wake huyu hapa. Analamba vidole."

"Mama, ni jicho. Si unajua mtoto huyu ni mweupe."

"Jicho la nani? Nani amemwona? Hata mimi bibi yake nikitaka kumwona nachungulia nyuma ya kihenge!" Akamfunua mtoto. Miguu ilikuwa kama mabua, na ngozi ya makalio imelegea kama nguo ya kurithi. "Mpeleke kwa huyo mwenye mzani, mwanangu. Mimi sijasoma, lakini mbavu najua kuziona."

Nyamoita aliziona pia. Alikuwa ameziona siku nyingi. Lakini angempelekaje? Nehemiah angeuliza ndume yule amekwenda wapi, na akina mama wa Sabato, ambao tayari walikuwa wakichemsha mayai kwa amri yake, wangesema nini? Kwa hiyo alifanya anachofanya mwoga mwenye hoja. Alimpaka Nyangau samli ya kuondoa jicho, akamfunika blanketi la pili.

Jumatatu iliyofuata Nehemiah akaja, Ombati akala yai, akapimwa, akaandikwa. Siku nne baadaye Nyangau akaanza kuhara.

Asubuhi ya pili alikuwa hashiki shingo. Nyamoita alimfunga mgongoni, Bathsheba akabeba mkoba, wakateremka hadi barabarani, wakapata lori la majani chai, wakashuka hospitali. Kadi ya kliniki alikuwa nayo. Mama aliyesoma hasahau kadi.

Daktari alikuwa kijana mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama mkeka mpya. Alimlaza mtoto, akafungua kadi, akaisoma, akamtazama mtoto, akaisoma tena.

"Mama, kadi hii ni ya huyu?"

"Ni yake."

"Amepimwa hivi juma lililopita tu?"

"Ndiyo, daktari."

Uso wa kijana ukabadilika. Alimgeukia muuguzi upesi upesi. "Mtoto amepoteza karibu nusu ya mwili wake kwa siku chache. Hayo yote ni maji. Inaweza kuwa kipindupindu. Leteni chupa ya maji, mtundikieni sasa hivi, yaende kwa kasi. Na hawa wengine waondoeni karibu yake."

Watu wakaanza kukimbia. Chupa ikatundikwa, sindano ikafunguliwa. Nyamoita alisimama pale na khanga mdomoni. Hakujua kama maji yale ni mazuri au mabaya. Alijua kitu kimoja tu: kijana huyu anamtibu Ombati. Anamtibu mtoto mnene aliyekonda ghafla, na mtoto huyo yuko Manga anacheza na kuku.

Bathsheba alimkanyaga mguu. "Sema," alinong'ona kwa Kigusii. "Sema, ama niseme mimi, na mimi Kiswahili sina."

Muuguzi alikuwa tayari ameshika mkono wa mtoto akitafuta mshipa.

"Daktari, ngoja!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Wodi nzima ikageuka. "Huyo wa kadi si huyu. Huyu hajapimwa hata mara moja. Ile kilo ni ya mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa nakopa mtoto."

"Unakopa mtoto?"

"Nakopa. Anapimwa, halafu narudisha." Kiswahili cha darasa la sita kilikuwa kinamkimbia, lakini akakifuata. "Huyu alianza kukonda zamani, daktari. Tangu kabla mahindi hayajapandwa. Polepole, polepole. Kuhara ni kwa juzi."

Mwanamke mmoja wa kitanda cha jirani akaangua kicheko, akajiziba. Daktari hakucheka. Alimshika muuguzi mkono.

"Simamisha. Ondoa hiyo." Akavuta pumzi. "Mama, mtoto aliyekonda polepole moyo wake umechoka. Kwa maji haya, yakienda kwa kasi hii, ningemzamisha mwanao hapa hapa kitandani, na kadi yako ingenisifu kwamba nimefanya sawa. Unanielewa?"

Alielewa. Ingekuwa afadhali asielewe. Akakaa sakafuni, mwalimu wa lishe wa Manga, kitambaa cha Sabato kichwani.

Walimpa maziwa ya kuchanganywa, kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo, na maji ya chumvi na sukari vivyo hivyo. Kijiko cha kwanza kilirudi chote. Cha pili kilirudi nusu. Cha tatu Nyangau alikishika mdomoni, akafikiri kama mzee wa baraza, akameza.

Alasiri Nehemiah akafika, Drusilla nyuma yake na Ombati mgongoni. Habari ilikuwa imepanda kilima kabla ya lori. Kijana alikuwa amejikunja kama aliyepigwa.

"Mama Nyangau, mimi nimewaandikia Nairobi kwamba Manga kuna nyumba ya mfano."

"Nisamehe, mwanangu. Futa."

"Nitafuta. Nyumba moja nitafuta. Zilizobaki si ziko sawa?"

Drusilla alianza kumweka Ombati vizuri mgongoni, ingawa Ombati alikuwa amekaa vizuri.

"Mama Ombati," alisema Nyamoita polepole. "Uliwaazima na wengine?"

"Sasa mtu akiniomba ningemkataliaje? Wewe nilikupa. Bitutu akaomba, yeye ni Jumanne, nikampa. Na yule mke wa Obwocha, kule juu. Wao ni Jumatano." Akaanza kulia. "Nilifikiri ni heshima tu. Kila mahali anapewa yai."

Nehemiah akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amempima Ombati katika nyumba nne, akaandika watoto wanne wenye afya. Lakini Nyamoita hakuwa akifikiria karatasi za mtu. Alikuwa akifikiria nyuma ya vihenge viwili.

"Wao wako vipi?" aliuliza. "Wale wa Bitutu na mke wa Obwocha. Uliwaona?"

"Nani huonyeshwa?" alijibu Drusilla.

Nyamoita akasimama. Alimwachia Bathsheba kijiko, akamshika Nehemiah kwa mkono wa shati, na ile sauti aliyoitumia kanisani akaitumia tena, ila safari hii haikuwa na kitambaa wala madaha. "Rudi sasa. Waambie mimi nimesema. Waambie nimejivuna sana mbele za watu, sasa watu wananicheka, na kuchekwa hakujamuua mtu. Waambie wawalete wenyewe. Wenyewe!"

Kesho yake, jua likiwa bado la baridi, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, Nyangau kifuani, kijiko mkononi. Aliwaona wakiingia langoni, Bitutu mbele, mke wa Obwocha nyuma, wamejitanda mpaka machoni kwa aibu. Hakuna aliyemsalimu. Walikaa kando yake, wakafungua nguo za kubebea watoto, na kila mmoja alikuwa amebeba wa kwake.