Kizibo cha Jino la Maalim Ilyasi

Jino la mbele la Maalim Ilyasi lilichagua kuoza mwaka wa 1997, vita vimepamba moto na vikwazo vimeifunga nchi, dawa zikitafutwa kwa tochi Bujumbura nzima. Ufizi ulivimba, usaha ukatoka, na mtaa wao wote wa Buyenzi ukageuka madaktari: ling'oe! Mkewe Raihana ndiye aliyekataa. Zipo herufi za Qurani zisizotamkika sawasawa mpaka ncha ya ulimi iguse meno ya juu, na Ilyasi alikwisha kuapa kwamba jino likitoka, naye anaacha kufundisha madrasa. Raihana alikipenda kisomo cha Ilyasi kabla hajaiona sura ya msomaji. Alikuwa akikisikia nyuma ya ukuta wa kwao. Miaka thelathini ilikuwa imepita, na bado aliinjika sufuria polepole ili asipitwe na aya.

Wakaenda kwa Melchior, daktari wa meno kutoka Ngagara, mtu mpole mwenye mikono mikubwa isiyofanana na kazi yake. Alitoboa jino kwa nyuma, akasafisha mzizi kwa visindano vyembamba kama unywele, akatia dawa, akaliziba kwa muda. Baada ya siku nane kizibo hakipo, usaha umerudi. Akarudia yote. Siku nane nyingine, mambo yale yale.

"Maalim," alisema Melchior mara ya tatu, "dawa inabakia ya mara moja tu. Kizibo ikitoka tena, nitang'oa jino. Na mi nilikuambia siku ya kwanza: kwa jino hii, mswaki wa muti apana. Inachokoa kizibo yote."

Raihana aligeuka. Mswaki ule wa kijiti alimkatia yeye mwenyewe, kila mwezi tangu waoane, na mumewe aliutumia kabla ya kila sala.

"Baba Anouar, muganga alikukataza?"

Maalim, aliyeogopwa na wanafunzi sitini, aliangalia viatu vyake.

"Alinikataza."

"Na we ukanificha?"

"Mama Anouar, we ulienda kuikata mpaka Ruziba, kwa miguu, risasi zinalia. Ulipita bariyeri tatu za askari juu ya kutafuta kijiti. Mi niiache tu ikauke?"

Raihana alitaka kukasirika, na sababu alikuwa nazo tele. Akashindwa. Alilia palepale, machozi ya mtu aliyependwa kijinga na akafurahi. Melchior akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Kisha Raihana akatia mkono katika mfuko wa kanzu ya mumewe, akautoa mswaki, akauweka kwake. Melchior akatia dawa ile ya mwisho, akaliziba tena.

Wiki ile, kabla ya kila sala, Maalim alikaa mkekani akafumbua mdomo, na mkewe akamsafisha meno kwa kitambaa laini na maji ya chumvi, moja moja. Alipojaribu kuongea alibanwa kidevu. Siku ya nane kizibo kilikuwa mahali pake na usaha hakuna. Melchior akauziba mzizi moja kwa moja.

"Sasa hata mswaki unaweza," akasema. "Lakini polepole."

Alasiri hiyo, kabla ya kufungua madrasa, Ilyasi alisimama mlangoni mwa jiko akamsomea mkewe peke yake aya, kila herufi ikitoka inapostahili. Raihana aliacha mboga ziungue. Mumewe alipomaliza, alimrudishia mswaki wake.

"Umekauka," alisema.

Maalim alikaa kizingitini, akautafuna ncha taratibu mpaka ukalainika.